Samadi ya farasi au ya chooni? Paris walienda huku, Edo wakaenda kule, wewe je

Hili swali linawasumbua sana wenye bustani pembezoni mwa mji. Mbolea ya dukani bei imepaa, upande huu kuna jamaa wa mikokoteni ya punda wanamwaga samadi bure nyuma ya banda, upande ule choo cha shimo kimejaa na gari la kunyonya linataka hela ambayo huna. Sasa utumie ipi? Wengi wanajibu fasta, "ya punda bwana, ile nyingine uchafu," na mimi mwisho wa siku siko mbali sana na jibu hilo, ila sababu wanazotoa mara nyingi sio zenyewe, maana kinyesi ni kinyesi na kama ishu ni kinyaa basi hata ya punda usishike. Tofauti za kweli ziko kwingine kabisa, na uzuri ni kwamba kuna miji miwili mikubwa ilishafanya haya mambo kwa kiwango ambacho sisi hatujafika, mmoja kwa farasi mwingine kwa watu, kwa iyo tunaweza kuwaweka pembeni kwa pembeni tukaona kila mmoja alipata nini na alikwama wapi.

Tuanze na Paris, karne ya 19. Mji mzima unavutwa na farasi, mabasi ya abiria farasi, mizigo farasi, teksi farasi, na farasi mmoja wa kilo 500 anatoa kama kilo 20 mpaka 25 za kinyesi na mkojo kwa siku, haulizi kama leo sikukuu. Ukijumlisha farasi wote wa jiji unafika kama tani milioni moja za samadi ya mabanda kila mwaka. Badala ya kuitupa mtoni wakulima wa mboga waliokuwa wanaishi humo humo mjini wakaichukua, na hao jamaa walikuwa wengi, wakati fulani karibu sehemu moja ya sita ya eneo la jiji ilikuwa bustani, na wakatoa takriban tani 100,000 za mboga kwa mwaka, tena mboga za bei, saladi wakati wa baridi kali nje kuna barafu.

Wanafanyaje? Hapa ndo patamu. Samadi ya farasi ikiwa mbichi na imechanganyika na majani makavu ya kulalia inachemka yenyewe, ukiirundika inafika nyuzi 60 na zaidi, wao wakawa wanaitandaza tabaka nene, juu yake wanaweka udongo wa mboji iliyoiva, wanapanda, afu wanafunika na fremu za vioo au vile vifuniko vya kioo vyenye umbo la kengele. Joto linatoka chini, baridi inazuiwa juu. Ikishapoa hiyo samadi wanaichanganya kwenye udongo na kuleta nyingine, kwa iyo kitanda kimoja kinatoa mavuno 3 mpaka 6 kwa mwaka na udongo unazidi kunona tu. Usafiri wenyewe ulikuwa akili: mkokoteni unatoka bustanini usiku na mboga kwenda soko la Les Halles, unarudi na samadi ya mabanda ambayo mkulima ana mkataba nayo. Hakuna safari tupu.

Sasa vuka dunia nzima mpaka Edo, mji ambao toka 1868 unaitwa Tokyo. Karne ya 18 una watu kama milioni moja, nchi haina ng'ombe wengi wa kutoa samadi, usafiri wa mizigo mizito mjini ni maboti kwenye mifereji na watu kubeba mabegani, farasi wapo ila sio wa kuujaza mji. Mbolea itoke wapi? Ikatoka chooni. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa wanaingia mjini kununua vinyesi, nasema kununua, kwa hela au kwa mboga, na maboti yaliyoleta mboga asubuhi yanarudi na mapipa ya mbao yamejaa. Umeona? Mbinu ile ile ya Paris, hakuna safari tupu, ni chombo tu kimebadilika.

Na biashara ilikuwa serious kwelikweli. Mwenye nyumba ndo mmiliki wa haja kubwa ya wapangaji wake, ni sehemu ya kipato chake cha nyumba. Kule Osaka, mji mwingine wa Japani, walifika mbali zaidi, haja kubwa ya mwenye nyumba, mkojo wa mpangaji, kila mmoja anauza chake kivyake. Vya nyumba za wakubwa vilikuwa na bei kuliko vya uswahilini, kwa sababu wakubwa wanakula vizuri (sijui kama kuna dharau kubwa zaidi ya hiyo, hata chooni unapimwa kipato). Mpaka vijiji vikagombana kuhusu nani ana haki ya kuchukua mtaa upi, na mwishoni mwa karne ya 18 wakulima wakapeleka malalamiko kwa serikali kwamba bei imezidi, ishushwe. Fikiria huo mji, watu wanalalamika serikalini kwa sababu mavi yamekuwa ghali.

Haya, tuwalinganishe sasa.

Nguvu ya mbolea. Hapa watu wengi wanakosea, wanaangalia wingi. Farasi anatoa tani 7 na zaidi kwa mwaka, mtu mzima anatoa kama kilo 50 za haja kubwa na lita 500 za mkojo, kwa hiyo kwa macho farasi kashinda asubuhi. Lakini tani moja ya samadi ya farasi yenye majani ina naitrojeni (kile kirutubisho cha kukuzia mmea) kama kilo 5 au 6 hivi, na sio yote mmea utaipata mwaka wa kwanza, nyingine imefungwa kwenye majani inatoka pole pole. Mtu je? Kwa makadirio ya vyakula vya Uganda ni kilo 2.5 za naitrojeni kwa mtu kwa mwaka, na sikiliza hapa, kilo 2.2 kati ya hizo ziko kwenye MKOJO. Sio kwenye kile kinachotia watu kinyaa. Familia ya watu 6 inatoa kilo 13 za naitrojeni kwenye mkojo peke yake, ambayo ni sawa na kilo 28 za yuria, zaidi ya nusu mfuko ule wa kilo 50 unaonunua dukani, na unaumwaga shimoni kila siku. Ukitaka kilo 13 hizo kwa samadi ya farasi unatafuta tani 2 na ushee, na mtu wa kuzibeba.

Ila mkojo haujengi udongo. Ndo hapo farasi anarudi kwenye mechi. Udongo wa kichanga kama wa pwani, maji yanapita tu kama kwenye chujio, unahitaji kitu cha kushika, majani yale yaliyooza ya samadi ya farasi au punda ndo mwili wenyewe wa udongo. Mkojo ni wa kukuzia, samadi ni ya kupandia, ukiwauliza wakulima wa zamani watakuelewa moja kwa moja bila kuwaeleza naitrojeni ni nini. Tena mkojo una chumvi, kama shamba lako liko karibu na bahari na udongo tayari una chumvichumvi mimi nisingeuweka kabisa.

Magonjwa. Hii ndo sehemu kubwa na sitaki kuipitia juu juu. Wadudu wa magonjwa wanaokaa kwenye utumbo wa mtu wanamjua mtu, wa farasi wengi wao hawana shida na sisi. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni yanaweza kukaa hai kwenye udongo miaka, sio wiki. Japani pamoja na ustadi wao wote, na walikuwa na vyungu vikubwa shambani vya kuvundikia mzigo kabla ya kuutumia, bado baada ya Vita Kuu ya Pili vipimo vikaonyesha zaidi ya nusu ya watu wana minyoo. Zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona Wajapani walitumia na hawakufa" mwambie hawakufa ila walikuwa wanalisha minyoo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa mwongozo wa mambo haya, na kwa joto la kwetu (nyuzi 20 mpaka 35) haja kubwa kavu ikae zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezewa mbichi juu yake, au ichanganywe na majivu au chokaa mpaka ipate ukali wa chokaa (kipimo cha pH juu ya 9) ikae zaidi ya miezi 6, ila hiyo miezi 6 inahesabiwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 35 na mzigo mkavu, kukiwa na baridi au unyevu muda unaongezeka. Mkojo ni mwepesi zaidi, miezi 6 ndani ya dumu lililofungwa vizuri inatosha kwa zao lolote, mwezi mmoja kwa mazao yanayopikwa, na kama ni bustani ya familia yenyewe inayokula yenyewe unaweza kutumia hata bila kusubiri, ila uache mwezi mzima kati ya kumwagilia mara ya mwisho na kuvuna. Kinachotakiwa ni choo cha kutenganisha, mkojo huku na haja huku, maana vikishachanganyika mkojo nao umeshachafuliwa.

Samadi ya farasi sio malaika pia. Ina vijidudu vya pepopunda, kwa iyo kama unashika kwa mikono yenye michubuko na hukumbuki sindano ya mwisho ulichoma lini nenda kachome. Inzi wanazaliana humo balaa, na hii ndo ilikuwa shida kubwa ya miji ya farasi, New York mwishoni mwa karne ya 19 mitaa mingine ilikuwa haipitiki mpaka mwaka 1895 alipoingia George Waring na kikosi chake cha wafagiaji waliovaa nyeupe. Hapo hapo niweke sawa kitu kimoja, kuna ile stori inazunguka kila mahali kwamba gazeti la The Times la London mwaka 1894 lilitabiri mitaa itafunikwa na futi 9 za mavi ya farasi, hiyo makala haijawahi kupatikana, watu wameitafuta. Shida ilikuwepo kweli ila hilo tabiri ni chai.

Na majani ya farasi yanaweza kuwa na dawa. Uingereza mwaka 2008 wakulima wa bustani waliona nyanya na maharage yanajikunja, kumbe nyasi alizokula mnyama zilipigwa dawa ya magugu aina ya aminopyralid, ikapita tumboni mwa mnyama salama salimini, ikapita kwenye mboji, ikaja kuua nyanya. Dawa yenyewe ikasimamishwa kwa muda. Muulize mwenye punda analisha nini. Kama hajui, jaza samadi kwenye kikopo panda maharage matatu usubiri wiki mbili tatu uone majani. Halafu mbegu za magugu, farasi na punda hawacheui, kwa hiyo mbegu nyingi zinapita nzima nzima, usipoiivisha kwa joto utapalilia mpaka uchoke.

Kuhusu najisi nigusie kidogo kwa watu wa pwani, kwa Shafii kinyesi chote ni najisi, cha mtu na cha punda, kwa hiyo anayesema ya punda ni safi kidini hajatofautisha kitu. Kwa mengine zaidi muulize shekhe wako, mimi sio saizi yangu.

Sasa jambo ambalo naona ndo la kuamulia kabisa, na watu hawalizungumzii: kila samadi inategemea nini ili iendelee kuwepo? Ya farasi ni zao la USAFIRI. Siku usafiri ukibadilika, mbolea inakata. Paris basi la mwisho la farasi lilitembea Januari 1913, mwaka uliofuata vita ikabeba farasi waliobaki, na ule mfumo mtamu wa bustani ukakosa chakula, bustani zenyewe tayari zilikuwa zinasukumwa nje na majengo. Hakuna aliyefanya kosa lolote la kilimo, walikuwa mabingwa, ila walijenga juu ya kitu ambacho hawakimiliki. Angalia na huku kwetu. Farasi hatuna wengi, mbung'o na magonjwa yaliwazuia toka enzi za misafara ndo maana mizigo ilibebwa na wapagazi, punda ndo farasi wetu. Kenya sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2, katikati hapo kulikuwa na machinjio ya ngozi na nyama za kupeleka China, afu bodaboda na bajaji nazo zinakula kazi zao. Lamu bado vichochoro ni vya punda na samadi huwezi kukosa, sehemu nyingine ukipanga mradi wa miaka kumi kwa samadi ya mikokoteni jiulize hiyo mikokoteni itakuwepo.

Ya binadamu inategemea watu kula. Hiyo haiishi. Ila nayo ilikufa Tokyo, kwa sababu nyingine, mbolea ya viwandani ikashuka bei, mji ukapanuka shamba likawa mbali, na kufikia miaka ya 1910 na 1920 biashara ikageuka, badala ya mkulima kulipa ili achukue, mwenye nyumba ndo analipa ili kiondolewe. Mzigo upo pale pale ila hauna mnunuzi.

London nako kufundishe kitu. Wachukuaji wa vinyesi wa usiku walikuwepo wakivipeleka mashambani, baadae vyoo vya maji vikaungwa kwenye mifereji iliyoishia mto Thames, na kiangazi cha 1858 mto ukanuka mpaka bunge likaning'iniza mapazia yaliyolowekwa dawa ya klorini, na wakati huo huo Uingereza inaagiza kwa meli vinyesi vya ndege toka Peru kurutubisha mashamba. Yaani unatupa chako mtoni unanunua cha ndege ng'ambo. Sisi tunafanya hivyo hivyo kila masika, mvua ikipiga mtu anatapisha choo kwenye mfereji, kipindupindu kinaingia mtaani, na shambani mchicha umekuwa njano hauna mbolea.

Afu kuna njia ya tatu watu wanaichanganya na hizi, maji taka ya mabomba yenye kila kitu. Usiihesabu kama samadi ya choo. Paris yenyewe ilimwagilia mashamba kwa maji taka yake kwa zaidi ya karne, kuanzia Gennevilliers, mwanzo ilikwenda vizuri sana mboga zinastawi, ila viwandani nako kulikuwa kunamwaga humo humo, na upande wa Pierrelaye udongo ukajaa risasi na metali nyingine mpaka kufikia mwaka 2000 kulima mboga kukapigwa marufuku. Kinyesi cha choo chako unajua kimetoka wapi. Cha bomba la mji hujui nani kamwaga nini, kwa iyo wale wanaolima mchicha pembeni ya mifereji ya viwanda, jamani.

Kwa hiyo mimi ningechagua hivi. Bustani ya mboga za majani, kitu kinaliwa kibichi au kinaiva wiki tatu, chukua ya farasi au punda, iivishe kwenye rundo, igeuze, tumia. Usifikirie mara mbili, haja kubwa ya mtu kwenye saladi sikubali hata ikae miaka miwili, labda nikae na maabara.

Mahindi, migomba, mapapai, miti ya matunda, hapo mkojo ndo mshindi na sio kwa kura chache. Changanya sehemu moja na maji sehemu tatu mpaka kumi, mwaga kwenye kijishimo pembeni ya shina sio juu ya majani, fukia hapo hapo isiruke kama hewa. Harufu ipo dakika kadhaa, wachache tu wataiona. Na haja kubwa kavu iliyokaa mwaka wake, shimo la mgomba linaipokea bila kelele.

Una samadi ya punda na una mkojo, vyote? Changanya. Maranda na majani makavu ya bandani yana kaboni nyingi yanaoza taratibu, ukimwagia mkojo rundo linapata moto haraka. Hii kwangu ndo jibu la watu wengi zaidi, sema hawaliulizi kwa sababu wanadhani lazima uchague upande.

Kama wewe ni mtaa mzima au shule, nje ya familia moja, usijaribu kichwa kichwa. Nairobi kampuni ya Sanergy ilianza kukusanya vinyesi kwa makontena toka vyoo vya mitaa kama Mukuru na kuvigeuza kuwa mbolea na chakula cha mifugo kwa kutumia funza wa inzi weusi (black soldier fly), ukiangalia ni Edo ile ile imerudi, ila sasa kuna joto linapimwa na mzigo unakaguliwa kabla haujauzwa. Kwa ukubwa huo kazi ya mtu mmoja na koleo haitoshi.

Na mpangaji? Choo cha kutenganisha hutajenga kwenye nyumba ya watu, ila dumu la lita 20 na faneli linakutosha kuanza. Tia alama kubwa kwenye hilo dumu, rangi nyekundu, fundo la kitambaa, chochote, na usiliweke karibu na madumu ya maji wala ya mafuta ya taa.